Lugha ya Langoni: Kiswahili katika Diski ya Kusakinishia Mfumo Endeshi, kwa Mfano wa Makere



1.0 Utangulizi

Kompyuta ambayo haijawekewa mfumo endeshi haina lugha. Inapowashwa kwa mara ya kwanza ikiwa na diski ya kusakinishia, humwuliza aliyeketi mbele yake maswali machache: atumie lugha gani, kibodi yake ni ya aina gani, saa zake ni za nchi ipi. Mwishoni huja swali lililo zito kuliko yote, nalo ni kama yaliyomo ndani ya kompyuta hiyo yafutwe ili mfumo mpya upate nafasi. Akijibu ndiyo, hakuna njia rahisi ya kurudi nyuma.

Maswali hayo huulizwa mwanzo kabisa, kabla ya kifurushi chochote cha lugha kuweza kupakuliwa kutoka kwenye intaneti. Mjini, kasoro hiyo huonekana ndogo, kwa kuwa lugha inayokosekana leo itapakuliwa kesho. Mahali ambapo mtandao ni haba, kesho hiyo haiji. Dai la mhadhara huu ni kwamba katika mahali pa namna hiyo, lugha isiyokuwamo ndani ya diski siku ilipofungashwa haitakuwamo katika kompyuta. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuunda diski ya kusakinishia, ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi, ni kazi ya isimu pia, na sehemu yake nyeti kuliko zote ni uchaguzi wa maneno.

2.0 Makere na lugha zake

Makere imo katika Wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, kwenye njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, juu katika nyanda za Buha zenye misitu ya miombo. Wenyeji ni Waha, na lugha yao, Kiha, ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Wakati wa ukoloni Buha ilikuwa chimbuko la vibarua waliokwenda kukata mkonge katika mashamba ya mashariki, na wengi wao walirudi na Kiswahili.

Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, katika eneo hilohilo la Makere, kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015, baada ya machafuko ya kisiasa Burundi, kambi hiyo ilipokea Warundi kwa makumi ya maelfu, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Watoto wa Kikongo walisoma kwa mtaala wa kwao, ambao lugha yake kuu ni Kifaransa. Watoto wa Kirundi nao walisoma kwa mtaala wa Burundi. Hatua chache kutoka hapo, mtoto wa kijijini alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na, akibahatika kuendelea, sekondari kwa Kiingereza.

Kwa hiyo ndani ya eneo moja palikutana Kiha, Kirundi, Kiswahili cha Tanzania, Kiswahili cha Kongo, Kifaransa na Kiingereza. Mtu akiuliza ni lugha ipi ambayo Mha, Mkongo na Mrundi wangeweza kuisikilizana sokoni, jibu halina ubishi. Akiuliza ni lugha ipi ambayo kompyuta iliyotolewa msaada humsemesha yeyote kati ya hao, jibu ni jingine kabisa.

Hali ya miundombinu nayo ina uzito wake. Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya Taifa ukitegemea majenereta ya dizeli. Taswira ya CD moja ina megabaiti 700 hivi. Kwa laini ya kilobiti 256 kwa sekunde, kuipakua kunahitaji takriban saa 6 bila kukatika. Taswira ya DVD, yenye gigabaiti 4.7, kwa laini hiyohiyo inahitaji zaidi ya saa 40. Umeme ukikatika katikati, kazi huweza kuanza upya. Diski moja iliyosafiri kwa basi kutoka mjini, kinyume chake, huweza kutumika katika kompyuta 20 kwa siku moja. Hii ndiyo sababu ya kuizungumzia diski, ingawa huko mijini wengi wanaiona kuwa jambo la zamani.

3.0 Taswira ya diski na namna inavyoundwa

Neno taswira linatumika hapa kwa maana ya faili moja inayobeba diski nzima, biti kwa biti, pamoja na mpangilio wake na sehemu inayoiwezesha kompyuta kuwaka. Mtu akinakili mafaili ya diski moja moja, atapata mafaili hayo, lakini diski yake mpya huenda isiwashe kompyuta. Akiinakili taswira, ameinakili diski yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha mpangilio huo, ISO 9660, kilichapishwa mwaka 1988, na utaratibu wa kuwasha kompyuta kutoka kwenye CD uliwekwa mwaka 1995. Leo taswira hiyohiyo huandikwa kwenye flashi mara nyingi zaidi kuliko kwenye CD, lakini muundo wake wa ndani ni uleule.

Si kila mfumo endeshi unaoruhusu taswira yake kubadilishwa na kugawiwa. Leseni ya Windows hairuhusu. Programu huria huruhusu, na uhuru huo una historia yake: mradi wa GNU ulitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, kiini cha Linux kilitolewa na Linus Torvalds mwaka 1991, na Debian ikaanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, diski inayoendesha mfumo mzima bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Knoppix iliwafundisha watu wengi kwamba diski ya mwingine yaweza kufunguliwa, kubadilishwa na kufungashwa upya kwa mahitaji ya kwao.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza huchaguliwa mfumo-mama. Hapa umri wa kompyuta ni jambo la kuzingatiwa, kwani mashine nyingi za msaada ni kuukuu: Debian 12 ya mwaka 2023 bado ilikuwa na kisakinishi cha mashine za biti 32, ila Debian 13 ya mwaka 2025 haina. Pili, taswira hufunguliwa, na mfumo uliobanwa ndani yake hutanuliwa. Tatu, fundi huingia ndani ya mfumo huo kana kwamba ndio kompyuta yake, akaondoa programu zisizohitajika na kuongeza zinazohitajika, kwa mfano LibreOffice, kikagua tahajia cha Kiswahili, na nakala ya Wikipedia ya Kiswahili inayosomeka bila mtandao kwa programu ya Kiwix. Nne, huandikwa faili la majibu ya awali, linaloiambia diski ijibu yenyewe maswali ambayo jibu lake linajulikana: lugha ni Kiswahili, nchi ni Tanzania, saa ni za Dar es Salaam, karatasi ni A4. Tano, mfumo hubanwa tena, taswira hufungwa, na hupigiwa hesabu ya kuihakiki, ili yule aliyeipokea Kibondo ajue kwamba hakuna biti iliyoharibika njiani.

Mtaalamu wa lugha ataona kwamba hatua ya nne ndiyo yake. Anayeandika majibu ya awali ameamua, kwa niaba ya maelfu ya watu asiowajua, ni lugha ipi iwe ya kawaida na ni ipi itafutwe kwa taabu. Uamuzi huo hauna tofauti kubwa na ule uliofanywa mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipokifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kilichowekwa kuwa kawaida mwanzoni, watu wengi hukichukua kama kilivyo.

4.0 Juhudi zilizotangulia

Kazi ya kuipa kompyuta Kiswahili haikuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Katikati ya muongo huo Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003. Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ilianza mwaka 2005 kuwapelekea watu CD kwa posta bila malipo popote duniani, huduma iliyofungwa mwaka 2011. Jina lake lenyewe lina mzizi -ntu, uleule unaozaa utu na mtu katika Kiswahili.

Juhudi hizo zinastahili heshima, hasa kwa istilahi zilizozaliwa. Hata hivyo, zinaonyesha pengo. Jambo OpenOffice ilikuwa programu ya ndani, inayotumika baada ya mfumo kuwekwa. Kifurushi cha Microsoft kilikuwa vazi lililovishwa juu ya Windows ya Kiingereza iliyokwisha kusakinishwa. Mtumiaji alikuta vyumba vyenye maandishi ya Kiswahili, lakini langoni alilazimika kupita kwa Kiingereza. Pengo la pili ni la wakati. Tafsiri hufungamana na toleo la programu. Toleo jipya huja na sentensi mpya, na zile zisizotafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili. Mwaka 2010 LibreOffice ilipojitenga na OpenOffice, kila lugha ilihitaji watu wa kuibeba tafsiri yake na kuiendeleza. Lugha zilizokuwa na mradi tu, bila watu wa kudumu, zilibaki nyuma.

5.0 Maneno ya langoni

Yafaa sasa kuingia katika sentensi zenyewe, kwa kuwa ugumu hauko katika wingi wa istilahi bali katika sarufi.

5.1 Kufunga, kufuta na diski

Neno la kwanza ni la tendo lenyewe. Wataalamu wanatumia sakinisha, kutokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia maskani. Wengine hutumia sanidi. Fundi wa mtaani hasemi hivyo. Yeye hufunga: hufunga mita ya maji, hufunga umeme wa jua, hufunga redio kwenye gari. Neno lake ni zuri, lakini katika kompyuta funga ni kinyume cha fungua. Kitufe kilichoandikwa Funga kwenye kisakinishi kingeweza kumaanisha kwamba mfumo unawekwa au kwamba programu inaachwa. Hapa weka ndilo neno salama, na sakinisha libaki kuwa istilahi ya vitabuni.

Hatari kubwa zaidi imo katika onyo la mwisho. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa: Kisakinishi kitafuta diski. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi. Imo ndani yake alama ya wakati ujao -ta- na kitenzi -futa. Lakini msomaji mgeni, akiiona kwa haraka au akisomewa na mwenzake, aweza kusikia -tafuta. Badala ya kuelewa kwamba diski itafanywa tupu, ataelewa kwamba kompyuta inakwenda kuitafuta, jambo lisilo na madhara yoyote. Wakati ujao wa -tafuta ni kitatafuta, na anayekijua Kiswahili vizuri hatakosea akitulia. Onyo, hata hivyo, halisomwi na watu waliotulia.

Tena kuna diski. Kiingereza kina mazoea ya kutenganisha kwa tahajia diski ya kutia na kutoa na ile iliyofungiwa ndani ya kompyuta. Kwa Kiswahili zote mbili ni diski. Mtu aliyeshika mkononi diski ya kusakinishia ana haki ya kudhani kwamba ndiyo itakayofutwa. Mwalimu aliyehifadhi alama za wanafunzi wa miaka mitatu katika kompyuta ya shule atabonyeza kwa moyo mweupe, na alama hizo zitapotea.

Sentensi inayopendekezwa ni hii: Vitu vyote vilivyohifadhiwa ndani ya kompyuta hii vitapotea, wala havitarudi. Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina istilahi hata moja. Inaeleweka Makere, inaeleweka Uvira, na mzee asiyewahi kuigusa kompyuta akisomewa ataelewa.

5.2 Upatanisho wa kisarufi

Watunga programu huandika sentensi zenye pengo, na mashine hulijaza pengo hilo kwa jina lolote. Kwa Kiingereza jina likibadilika, kitenzi hubaki karibu vilevile. Kwa Kiswahili jina hutawala sentensi nzima: kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa, picha zimefutwa. Mfumo wa kutafsiri programu huria una mahali pa kueleza umoja na wingi, lakini hauna mahali pa kueleza ngeli. Njia ya kutokea ni kuweka jina moja la kudumu litakalobeba upatanisho, na kulipeleka pengo mwishoni: Kipengee kifuatacho kimefutwa, kisha nukta mbili, kisha jina lenyewe. Mfasiri asiyelijua hili atazalisha sentensi ambazo hakuna Mswahili anayezisema, na watumiaji watasema kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta, kumbe kosa ni la muundo wa pengo.

5.3 Herufi za njia ya mkato

Kila amri kwenye menyu huwa na herufi moja iliyopigiwa mstari, ili ichaguliwe kwa kibodi. Amri zikiandikwa kwa kitenzi-jina, kufungua, kufunga, kufuta, kuhifadhi, zote huanza na K. Zikiandikwa kwa amri tupu, tatu za kwanza huanza na F. Kipanya kikiharibika, na vipanya huharibika, herufi hizo ndizo tegemeo la mtumiaji. Lazima zigawanywe kwa mpango tangu mwanzo, kwa mfano G kwa Fungua, T kwa Futa na H kwa Hifadhi.

5.4 Saa

Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, Mswahili kuanzia macheo. Programu ikiweka neno asubuhi kando ya tarakimu 8 imeunda usemi usio wa lugha yoyote, kwa sababu wakati huo ni saa mbili asubuhi. Ni afadhali kuonyesha 08:00 bila neno lolote, kwa mtindo wa saa 24, kuliko kuchanganya hesabu mbili. Isitoshe, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na mtu anayempigia ndugu yake Bujumbura huijua tofauti hiyo kwa moyo.

6.0 Kiswahili cha nani?

Orodha za kimataifa za lugha zinakitambua Kiswahili kwa alama sw, na ndani yake hutenganisha swh, Kiswahili cha kawaida cha Afrika Mashariki, na swc, Kiswahili cha Kongo. Kiha kina alama yake, haq. Mjenzi wa diski anaweza kuuliza: je, Makere ihitaji diski ngapi?

Tofauti ni za kweli. Katika Kiswahili cha Kongo vitu huwa bintu na watu huwa batu au bantu, maumbo ambayo Mrundi huyasikia kama ya nyumbani. Hata hivyo, kuunda diski tofauti kwa kila jamii kungezigawa nguvu ambazo tayari ni chache. Zaidi ya hapo, Mkongo na Mrundi waliokaa Makere walikutana na Kiswahili sanifu kila siku, katika mabango, dukani na redioni. Kinachowashinda mara nyingi si kiambishi bali istilahi. Mtu anayesema bintu huelewa vitu. Mtu huyo hawezi kukisia maana ya kabrasha au tarakilishi, na mwalimu wa Kasulu pia huenda asiweze.

Kanuni inayofuata kutokana na hayo ni ya uchumi: sarufi iwe sanifu, maneno yawe ya kawaida. Pale ambapo kompyuta, faili na flashi yamekwisha kuingia midomoni mwa watu wa pande zote za mpaka, hakuna faida ya kuyafukuza langoni. Istilahi zilizobuniwa na Baraza la Kiswahili la Taifa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili zina nafasi yake katika vitabu na mafunzo, ambako kuna mwalimu wa kuzieleza. Langoni hakuna mwalimu.

7.0 Hitimisho

Mapendekezo ya mhadhara huu ni matatu.

La kwanza, wanafunzi wa isimu na tafsiri wapewe ujumbe wa kisakinishi kama zoezi la muhula. Debian imeupanga ujumbe wake kwa ngazi, ili watafsiri waanze na ule unaoonwa na watu wengi zaidi. Kazi hiyo ina mipaka, inapimika, na matunda yake huingia katika diski ya dunia nzima badala ya kubaki kabatini.

La pili, kila onyo lijaribiwe kwa wasomaji kabla ya kufungashwa. Jaribio lenyewe ni rahisi na halihitaji kompyuta: sentensi iandikwe kwenye karatasi, wasomewe watu kumi wa sokoni Makere au Kibondo, na kila mmoja aulizwe kitatokea nini akikubali. Wawili wakijibu kwamba kompyuta itatafuta kitu, sentensi irudishwe mezani.

La tatu, taswira isiundwe kwa mkono mara moja na kusahaulika. Iandikwe kwa namna ya mapishi, yaani maelekezo yanayoweza kuendeshwa upya na kompyuta kila toleo jipya linapotoka. Aliyeianza akihama au akistaafu, mwingine aichukue karatasi hiyo na kupika chakula kilekile.

Kompyuta zilizofika katika nyanda za Kigoma ni chache, na data zilizohifadhiwa humo ni za watu ambao mara nyingi hawana nakala nyingine: alama za mitihani, hesabu za ushirika, orodha za wagonjwa. Kati ya data hizo na kupotea kwake kuna sentensi moja tu inayosomwa kwa sekunde chache. Wanaoweza kuhakikisha kwamba sentensi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka ni wale waliokisomea.